Jee, Kumfundisha Binti Njia ya Kujiokoa ni Kumfungulia Mlango wa Zina?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu msomaji, mas-ala tunayotaka kuyazungumza leo si mepesi. Wako watakaoona hayafai kuandikwa katika gazeti linaloingia majumbani, likashikwa na baba, likasomwa na mama na kuachwa juu ya meza mbele ya watoto. Rai hiyo tunaiheshimu, kwani imetokana na haya, na haya ni sehemu ya imani. Lakini haya ambayo dini inaisifu ni ile inayomzuia mtu kutenda uovu. Inayomzuia mtu kuuliza lililo wajibu kwake, au kumfundisha mwanawe, jina lake ni udhaifu.

Swali lenyewe ni hili. Vijana wetu wa pwani wanaosomea ualimu hupangiwa kazi hata mipakani mwa nchi, na miongoni mwa huko ni wilaya za Ngara na Biharamulo katika mkoa wa Kagera. Mwalimu wa Kiislamu akiwa mbele ya wasichana wa kidato cha pili au cha tatu, jee, inamjuzia kuwafundisha kwamba ziko dawa za kuzuia mimba baada ya tendo kutokea, zile zinazoitwa vidonge vya dharura, na ambazo vijana wa mitaani wanaziita P2? Au akifanya hivyo atakuwa amewaambia, nendeni mkazini, dawa ipo?

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe, kwa sababu hukumu bila ya kujua hali ya watu ni kama kumpa dawa mgonjwa usiyemwona. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na Biharamulo ni jirani yake. Njia kuu ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam inapita Nyakanazi na Lusahunga, kisha inakwenda mipakani, Rusumo kwa upande wa Rwanda na Kabanga kwa upande wa Burundi. Penye njia kama hiyo pana wageni wenye fedha, na pana nyumba za kulala wageni. Shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, vijana wengi walipata elimu ambayo wazee wao hawakuipata, na hiyo ni neema. Lakini vijiji viko mbali mbali, na si kila shule ina bweni. Msichana wa miaka kumi na tano hutembea masafa marefu asubuhi na jioni, au hupanga chumba karibu na shule pamoja na wenzake, bila ya mama, bila ya shangazi, na chakula chake ni kile alichoweza kukibeba kutoka nyumbani. Mwenye pikipiki anayempa lifti, na mwenye duka anayemkopesha sabuni, si wote wanaofanya hivyo kwa ajili ya Mungu.

Tena ardhi hiyo imekwisha kuona mitihani miwili mikubwa, na katika yote miwili mna mafunzo kwetu.

Mtihani wa kwanza ni ukimwi. Wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983, na ilipofika mwaka 1986 ugonjwa ulikuwa umekwisha kuripotiwa katika mikoa yote ya bara. Katika miaka ile ya mwanzo watu wengi waliona ni aibu hata kuutaja. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema ni adhabu, basi hapana la kusema. Maneno yale hayakumponya mgonjwa hata mmoja wala hayakumzuia mzinzi. Yaliyofuata ni mayatima waliolelewa na mabibi zao. Wazee wetu wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mtihani wa pili ni wakimbizi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakaingia Ngara, ikasimama kambi ya Benaco. Kambi nyingine zikafuata, na za Warundi zilibaki miaka mingi baada ya Wanyarwanda kurejeshwa kwao Desemba 1996. Vita popote vilipo, wanawake hubakwa vitani, njiani, na hata kambini wanakokimbilia usalama. Kwa sababu ya mambo hayo, katikati ya miaka ya 1990 mashirika ya Umoja wa Mataifa na wenzao walipanga utaratibu wa huduma za uzazi zinazotakiwa kutolewa tangu siku za mwanzo za maafa, na katika huduma hizo waliweka kumpa vidonge vya dharura mwanamke aliyebakwa. Basi ujue, ndugu msomaji, kwamba dawa hii haikutajwa kwa ajili ya wapenda anasa peke yao. Imetajwa kwanza mbele ya wanawake walioonewa.

Sasa tuitazame dawa yenyewe, maana wengi wanaihukumu bila ya kuijua. Iliyo mashuhuri ni ile yenye homoni iitwayo levonojestreli. Humezwa mapema iwezekanavyo baada ya tendo, na wakati wake mzuri ni ndani ya saa 72. Inaweza kutumika hata kufikia siku ya tano, lakini kila saa zinavyopita nguvu yake inapungua. Kazi yake kubwa, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, ni kulizuia au kulichelewesha yai lisitoke, hata mbegu ya mwanamume isikutane nalo. Ikiwa mwanamke amekwisha kushika mimba, dawa hii haiitoi mimba hiyo. Tena haimkingi mtu na ukimwi, wala kaswende, wala kisonono. Wala haikufanywa kuwa dawa ya kila wiki. Ni ya dharura, kama jina lake.

Kwa hiyo anayesema kuwa kuitumia ni kuua mtoto amesema lisilokuwa. Maulamaa wetu walikwisha kulizungumza jambo lililo karibu na hili, nalo ni azli, yaani mume kumwaga nje ili mke asishike mimba. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli zama za Mtume (s.a.w.), na Qur'ani inashuka, wala hawakukatazwa. Imamu Ghazali katika kitabu chake Ihya amepambanua baina ya azli na kutoa mimba. Kwake yeye azli si jinai juu ya kitu kilichokwisha kuwapo. Kutoa mimba ni jinai juu ya kilichopo, na jinai hiyo huzidi uzito kwa kadiri mimba inavyopanda daraja, kuanzia pale maji ya mume yanapochanganyika na ya mke tumboni. Dawa inayozuia kukutana huko iko karibu zaidi na azli kuliko kuua. Haya ndiyo yanayotudhihirikia, na anayetaka kuzidi kupeleleza na awaulize maulamaa na madaktari waaminifu pamoja.

Ukisha kuyajua hayo, swali letu linabaki palepale, kwani kuwa dawa ni halali kwa mke na mumewe hakumaanishi kuwa ni jambo la kusomeshwa mabinti wasioolewa. Na wapingaji wana hoja ambazo haifai kuzidharau.

Hoja ya kwanza wanasema: zina ni haramu, na kila kinachoelekea kwenye haramu ni haramu. Mwenyezi Mungu hakusema tu tusizini, bali ametukataza hata kuikaribia zina, katika Suratul Israa. Kumwambia msichana kuwa iko dawa ni kumwondolea hofu, na hofu ikiondoka, ukuta umeanguka.

Jawabu yetu ni hii. Kanuni ya kuziba njia za uovu ni kanuni sahihi, lakini maulamaa hawakuitumia ovyo. Imamu Qarafi amebainisha kuwa njia ni aina mbali mbali. Iko iliyoafikianwa kuzibwa, na iko iliyoafikianwa kuachwa wazi, na mfano wake ni kupanda mizabibu. Hapana aliyesema mizabibu ikatwe kwa kuogopa ulevi, hali kila mtu anajua kuwa zabibu ndizo zinazokamuliwa zikawa mvinyo. Kwa nini? Kwa sababu manufaa yake ni mengi na madhara yake hayatokani na mti, yanatokana na mkamuaji. Basi tupime. Kumjulisha binti kwamba akitendwa jeuri anazo saa chache za kujiokoa, manufaa hayo ni ya hakika. Kwamba binti mwengine atayachukua maneno hayo akayafanya leseni, hilo ni la kudhania, tena linategemea vipi alivyofundishwa.

Kisha tujiulize kwa uadilifu: hofu hiyo ya mimba imemzuia nani? Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 umeonyesha kuwa katika wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 mpaka 19, takriban 22 katika kila mia walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Wamo walioolewa, wamo walioghuriwa, na wamo waliolazimishwa. Kama ujinga ungekuwa ngome, basi ngome hii imekwisha kubomolewa zamani. Kinachomzuia mtu na zina ni kumcha Mungu, na malezi, na kuwekwa mbali na faragha na asiye maharimu wake. Mwenye kuacha zina kwa kuogopa mimba tu, huyo hakuacha kwa ajili ya Mungu, na siku atakapopata kijidawa gizani atairejea.

Na hapa ndipo penye kiini cha mas-ala. Elimu ya dharura haisomeshwi wakati wa dharura. Sala ya hofu imetajwa katika Suratun Nisaa, nasi tunawasomesha watoto wetu wakiwa wamekaa juu ya jamvi kwa amani, hawamwoni adui. Tunawafundisha kumwosha maiti hali wazee wao wako hai. Hakuna aliyesema kuwa tunawatakia vita au mauti. Sasa msichana wa Ngara aliyekamatwa njiani jioni, akarudi chumbani kwake nguo zimechanika, anazo siku tatu. Hana wa kumwuliza, na anaona haya hata kumtazama mwenzake. Ikiwa hakuambiwa kabla, siku hizo zitapita naye analia chini ya blanketi, na mlango uliokuwa wazi utafungika. Jee, sisi tulionyamaza tutamwambia nini Mola wetu?

Wala asiseme mtu kuwa binti huyo naye ana dhambi. Sharia yetu iko wazi. Aliyelazimishwa hana dhambi, na Suratun Nuur imetaja msamaha na rehema kwa wanaolazimishwa. Imepokewa kwa Wail bin Hujr (r.a.) kuwa mwanamke mmoja alitoka kwenda kusali, akavamiwa na mtu njiani. Mtume (s.a.w.) alimwachilia aende zake bila ya adhabu, wala hakumwuliza kwa nini alitoka. Na Mwenyezi Mungu ametueleza hali ya Bibi Maryam (a.s.), aliyetakasika kuliko wanawake wote, kwamba uchungu ulipomshika alitamani angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa kabla ya siku ile. Ikiwa yeye aliyeletewa bishara na Malaika alihisi hivyo, ataonaje mtoto wa shule asiyekuwa na wa kumtetea?

Hoja ya pili wanasema: haya ni mambo ya wazazi, si ya shule. Kweli tupu. Wa kwanza kuulizwa ni mzazi, kwani kila mmoja ni mchunga. Lakini mchunga yuko wapi? Hapa kwetu pwani binti alikuwa na somo wake. Alipovunja ungo, somo alimfundisha hedhi na tohara, namna ya kukaa na namna ya kujitunza, na mama akastiriwa na uso wa mwanawe. Leo katika nyumba nyingi somo hakuna, na nafasi yake imeshikwa na simu, nayo inamfundisha usiku yale ambayo mama hakuyasema mchana. Na huko bara mwanafunzi yuko peke yake. Mzazi asiyefundisha, kisha akamkataza mwalimu kufundisha, amemwacha mwanawe kwa mwalimu wa tatu asiyemjua.

Tena tusijifanye kuwa dini yetu haina mazoea ya kuyasema haya kwa watoto. Chuoni tunasomesha Safina, kitabu kidogo ambacho hapana mtoto wa pwani asiyekipitia. Humo mtoto anajifunza alama za kubaleghe: kutimiza miaka kumi na tano, kuota, na kwa msichana kupata hedhi. Anajifunza janaba na yanayowajibisha kukoga. Mwalimu anayasema, watoto wanayakariri kwa sauti, na hakuna aliyeharibika kwa hayo, kwa sababu yamesemwa kwa heshima ya elimu. Bibi Umm Sulaym (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) mbele ya watu juu ya mwanamke anayeota, naye akamjibu wala hakumkemea. Na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Hoja ya tatu wanasema: dawa ya yote haya ni kuwaoza mapema. Ndoa ni ngome, hapana anayekanusha. Lakini sharia ya nchi tangu marekebisho ya mwaka 2016 imekataza kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba, na adhabu yake ni kifungo cha miaka thalathini. Na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilithibitisha hukumu ya kutaka umri wa msichana katika sharia ya ndoa ya 1971 urekebishwe. Na mbali na hayo, ndoa haimlindi binti na mtu anayemvizia njiani, wala haifai kumwoza mtoto ili kuficha jinai ya mtu mzima.

Na hapa tuseme neno juu ya uadilifu, maana umepotea katika mambo haya. Kwa miaka mingi Tanzania Bara msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 msimamo huo ulitangazwa kwa ukali na mkuu wa nchi mwenyewe. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuwaruhusu warudi tangu mwaka 2010, na bara ruhusa hiyo ilitolewa Novemba 2021. Katika miaka yote hiyo kosa lilikuwa la wawili, lakini kitabu cha shule kilichofungwa kilikuwa kimoja. Mvulana aliendelea na masomo, na mtu mzima aliendelea na duka lake. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nuur ameanza kuwaamrisha wanaume kuinamisha macho, kisha ndipo akawaamrisha wanawake. Sisi tumeigeuza amri ile, tukaanza na wanawake, na wengi wetu hatukuwafikia wanaume kabisa.

Basi jawabu yetu kwa mwalimu ni kwamba inamjuzia, na mahali penye hatari kama hapo inakaribia kuwa wajibu kwake, ila kwa masharti.

Sharti la kwanza, aanze na uharamu wa zina na utukufu wa ndoa, wala asiuharakishe mlango huo kama mtu anayesoma masharti ya bima. Wakati Mtume (s.a.w.) alipojiwa na kijana anayetaka ruhusa ya kuzini, watu walimkemea, lakini yeye alimkaribisha karibu, akamwuliza kama angelipenda afanyiwe hayo mama yake, au binti yake, au dada yake, kisha akamwombea dua. Hivyo ndivyo vijana wanavyosomeshwa.

La pili, aseme kweli yote, manufaa na mipaka. Akitaja saa 72, ataje pia kuwa dawa haikingi maradhi, wala haiaminiki kwa asilimia mia.

La tatu, wasichana wafundishwe na mwanamke inapowezekana, na wavulana wafundishwe nao, mbali, juu ya dhima yao na juu ya ile miaka thalathini.

La nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kidonge kisifanywe badala ya kusema. Yako madhalimu, tena wengine ni jamaa wa ndani ya nyumba, ambao hununua dawa hizi kwa mikono yao wakampa binti ameze ili dhulma ifichike na ipate kurejewa. Binti afundishwe kuwa akitendwa jeuri asikoge wala asifue nguo zake, aende kwa mtu mzima anayemwamini, aende hospitali na polisi apate ile fomu ya PF3, apewe pia dawa ya kuzuia ukimwi, ambayo nayo ni lazima ianzwe ndani ya saa 72. Dawa inaokoa tumbo lake, na ushahidi unamwokoa yeye na wenzake.

La tano, mwalimu asigawe vidonge. Kazi yake ni kufundisha na kuonyesha mlango wa zahanati, na dawa ni kazi ya mganga.

Ndugu msomaji, labda utasema Ngara ni mbali, na wanao wako hapa mjini mbele ya macho yako. Lakini njia ya jioni iko hapa pia, na mwenye pikipiki yuko, na jamaa asiyemcha Mungu yuko. Wewe mama, umempa binti yako chakula, buibui na msahafu. Jee, umemwambia aje kwako kwanza likimfika la kumfika, na kwamba hutampiga wala hutamfukuza? Ikiwa hujamwambia, basi mwambie leo, kwani asiyejua kuwa mlango wa mama uko wazi hatoubisha usiku. Na wewe baba, maneno hayo hayo mwambie mwanao wa kiume kwa upande wake: kwamba ukimsikia amemdhulumu binti wa watu, hutamficha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu na wavulana wetu, awastiri walioonewa, na atupe sisi ulimi wa kusema haki kabla wakati haujapita. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.